Waya

Kwa lugha ya baba, Kiacholi, waya ni shangazi.
Basi nyumba hii ya Walukuba imejaa mashangazi:
wa kijivu, wa bluu, mmoja mwekundu niliyemkata mfupi kwa haraka.
Wamepita darini, wakashuka ukutani,
wakaingia stoo bila kupiga hodi.

Mpango niliuchora Februari
nyuma ya kalenda ya duka la mbolea.
Ruta hapa. Swichi ya matundu manane pale.
Wino ukapenya upande wa pili, ukatia doa Pasaka.
Nangobi akainama: "Hili shamba la nani?"
Letu, nikasema.
"Na panya umewachora wapi?"
Sikuwa nimewachora. Mwezi wa nne walimla shangazi mmoja.

Kompyuta tatu, za mnada wa benki iliyofunga tawi;
moja bado ina kibandiko: KAUNTA 4.
Nimezipa majina ya dada za baba.
Lamwaka yuko mlangoni, anajua nani aingie, nani arudi alikotoka.
Aryemo ametunza masomo, picha za harusi,
mahesabu ya chama cha akiba cha Jumatano.
Lakot, mzaliwa wa mvua, mchana hafanyi lolote.
Saa nane za usiku anaamka,
ananakili yote waliyosema wenzake,
analala tena.
Kila ukoo una mtu kama huyo.

Nikawagawia anwani: kumi, kumi na moja, kumi na mbili,
nikaacha nafasi hadi hamsini.
Baba alipofika kutoka Kitgum, kiwanda cha nguo
kilimpa nambari ya mlango kabla ya kumpa kitanda,
naye akaiandika kwenye kila barua hadi alipostaafu.
Labda ndiyo sababu napanga nambari kabla ya vitu.
Hamsini!
Mshahara wangu haujafika kumi na tatu.

Mwezi ukiandama, ziwa hututumia usubi,
wingu zima, kama moshi wa majani mabichi.
Asubuhi nikimfungua Aryemo feni yake ni uji mweusi.
Nina mswaki wa kazi hiyo tu.
Usiuguse, ni wa kijani.

Na umeme, tuseme ukweli.
Bwawa liko pale; panda ghorofa ya shule utaliona.
Mto unasagwa usiku na mchana, nguvu zinapita juu ya mabati yetu
zikienda kwa wengine,
nasi tunanunua Yaka, tarakimu ishirini,
ukikosea moja unaanza upya.
Nangobi huisikiliza feni kupitia ukuta
kama mtu anayesikia bomba likivuja.
"Shangazi zako wanakula," husema.

Jumanne iliyopita, saa tatu na robo, giza.
Betri ikalia.
Dakika arobaini, ndivyo nilivyokadiria.
Mkekani walikuwapo watoto watano wa majirani,
na Nabwire, kesho ana mtihani, bando hana, mama yake hana,
anatazama somo la figo
kwenye simu ya kaka yake yenye kioo cha nyufa.
Mpango unasema: umeme ukikatika, zima Aryemo kwanza, ndiye mlafi.
Nimeandika mimi. Nimepigia mstari mara mbili.

Nikamzima Lakot.
Nikamzima Lamwaka, na dunia ya nje ikafungwa.
Ikabaki ruta, taa yake moja ya kijani,
na Aryemo akihema peke yake stoo
kati ya jembe na gunia la muhogo.
Nangobi akaja akaketi mkekani.
"Rudisha hapo nyuma," akamwambia Nabwire, "hapo damu inapochujwa."

Dakika sitini na nane. Nilihesabu.
Kisha feni ikashusha pumzi,
na Nabwire, gizani, akamalizia somo kwa kichwa,
akakosea mahali pamoja, mdogo wake akamsahihisha.

Walipoondoka niliitoa kalenda.
Nangobi alinimulikia kwa simu nikafuta ule mstari.
Halafu akaninyang'anya kalamu,
na pale kwenye kona, karibu na swichi,
akachora panya.